Mizunguko Mitano Upande wa Kushoto

Keki ilipinda Karatina, mbele ya kanisa, bwana arusi akiwa amesimama hatua kumi kutoka kwa buti la gari langu. Haikuanguka chini. Ingeanguka ingekuwa afadhali, maana kitu kilichoanguka chini watu hukifagia wakasahau. Ghorofa ya tatu iliteleza juu ya ghorofa ya pili ikasimama upande, kama kofia ya mlevi, na kila aliyepita aliitazama keki kwanza, kisha akanitazama mimi.

Aliyeioka ni binti yangu, Watiri. Ana duka la keki mjini Nyeri, na tangu nilipostaafu ukarani wa kiwanda cha kahawa mimi ndiye dereva wake wa Jumamosi. Yeye ndiye binti yangu wa kwanza, kwa hivyo alipewa jina la mama yangu, kama desturi yetu inavyotaka, na ndiyo sababu simwiti kwa jina lake. Namwita Maitu, yaani mama. Wasiojua hudhani ni mapenzi tu. Wanaojua wanajua pia kwamba huwezi kubishana sana na mtu unayemwita mama.

Siku ile aliitengeneza keki upya kwa kisu na krimu, amepiga magoti katika chumba cha wazee wa kanisa, na hakunisemesha mpaka tulipofika nyumbani.

"Baba," akasema, "niliweka vijiti vinne vya kuishikilia ndani. Kosa si la keki. Ni la gari."

"Gari langu liko sawa."

"Linaruka kama mbuzi. Sasa sikiliza. Niko na keki ya ruracio huko Mukurweini, watu wanapeleka mahari, wiki sita kutoka leo. Hiyo utaibeba wewe. Isipofika mezani ikiwa wima, kazi napatia Kinuthia na van yake."

Kinuthia ni kijana anayesambaza mikate mtaani kwetu. Ana adabu, sina neno naye. Lakini sidhani amefungua kitabu tangu siku aliyomaliza shule, na huendesha ile van akila njugu.

Mimi nilitoka shuleni darasa la nne, baba alipokufa. Nikarudi nikiwa na miaka thelathini na tano, kwenye masomo ya jioni, nikiketi dawati moja na vijana walioniita mzee hata kabla sijawa mzee. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikapita, na hisabati nikapita vizuri kuliko wao wote. Tangu hapo sijakubali kwamba kuna kitu kilichoandikwa ambacho siwezi kukielewa nikipewa kamusi na muda. Kwa hivyo sikuona kama Maitu amenitisha. Niliona amenipa somo.

Gari langu ni Subaru Legacy ya zamani, ile ndefu yenye buti pana. Nililikagua nikaona shokomzoba zote nne zimekwisha. Mbili zilikuwa zinavuja mafuta. Mtu mwingine angenunua nyingine kama zile akaendelea na maisha yake. Mimi nikasoma. Nikajua kuna kitu kinaitwa koilova: shokomzoba iliyovikwa springi yake, na mwili wake umechongwa nyuzi kama za bolti, ili ukizungusha uweze kuliinua gari au kulishusha kwa kadiri unavyotaka. Juu yake kuna kitufe cha kuongeza ugumu au kupunguza. Kila ukikizungusha kinalia tik, na kila tik ni hatua moja.

Kitu kinachorekebishwa kwa hesabu. Ningekiachaje?

Nilisoma pia kwamba gari likiwa chini haliyumbi sana kwenye kona. Hilo nililipigia mstari mara mbili.

Nilikwenda Nanyuki kwa Najib, ambaye huuza vipuri vya magari vilivyotumika ng'ambo. Duka lake limejaa mpaka dari, naye hukaa katikati na birika la chai. Nilipomwambia ninachotaka aliweka kikombe chini.

"Mzee wangu, hizi vijana ndio hununua. Wewe unataka kushindana na nani?"

"Sishindani na mtu. Nabeba mzigo usiotaka kutikiswa."

"Mayai?"

"Si mayai."

"Vioo?"

"Najib, nionyeshe vitu."

Alinitolea seti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bluu, inang'aa, springi zake zimeandikwa kumi. Ya pili ilikuwa imechakaa rangi, springi zake zimeandikwa tano mbele na nne nyuma. Najib alinisukumia ile ya bluu.

"Chukua hii. Kumi. Kumi ni kubwa kuliko tano, ama vipi?"

"Hiyo kumi ni kilo za kubonyeza springi milimita moja tu," nikamwambia. "Hiyo ni jiwe. Mimi nataka tano na nne."

Aliivuta ile ya bluu nyuma. "Umejulia wapi?"

"Nimesoma."

"Basi wewe ni mteja mbaya," akasema akicheka, akanimiminia chai. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya shamba, "Niko na watu wa Doldol, wafugaji, wao husema niinulie gari, niinulie tena. Yako inapita wapi?"

"Lami."

"Lami mpaka mwisho?"

"Mimi si mfugaji, Najib. Hoteli na kanisa ziko kwenye lami."

Akasema haya, akanifungia mzigo kwa gunia.

Fundi wangu ni Dedan, wa Ruring'u. Ni fundi mzuri, mikono yake inajua kazi, lakini hupima kila kitu kwa vidole. Alipomaliza kufunga zile koilova, gari likashushwa kutoka kwenye mawe, akaingiza vidole viwili kati ya tairi na bodi.

"Vidole viwili," akasema. "Iko sawa."

Nikatoa futi yangu ya mkanda. "Vidole vya nani?"

"Vyangu, Profesa."

"Na kesho ukiwa mgonjwa, nitapima na nini?"

"Utangoja nipone."

Nilipima. Upande wa kulia ulikuwa chini kuliko wa kushoto kwa milimita saba. Nikamwambia arudie. Akarudia, akinung'unika kwa Kikuyu maneno aliyodhani siyasikii. Nilipotaka alishushe zaidi, mpaka bampa la mbele libaki sentimita kumi na mbili kutoka chini, alisimama kabisa akajifuta mikono.

"Hii gari itabusu kila tuta kutoka hapa mpaka Sagana."

"Matuta nayajua yote. Nayapita kwa pembeni, tairi moja moja."

"Sawa. Mimi sijui kusoma vitabu vikubwa," akasema, na nilijua anamaanisha kinyume.

Ndipo tabu ikaanza. Siku ya kwanza gari lilikuwa linagonga mbele: kok, kok, kok, kila shimo. Nikarudi kwa Dedan. Akasema ni kawaida ya vitu vya vijana. Nikasoma tena siku mbili, nikagundua kwamba alilishusha gari kwa kulegeza pete inayoikaza springi, badala ya kuzungusha mwili mzima wa koilova kwenye kikombe chake cha chini. Springi ilikuwa inacheza ndani kama meno ya bandia. Nilipomwonyesha ukurasa, aliusoma, akanirudishia kitabu.

"Kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo?"

"Nilisema. Ulikuwa unapima kwa vidole."

Tukaanza upya. Nyuzi zile, kila mzunguko mmoja ni milimita mbili. Tulipomaliza kurekebisha urefu, magurudumu ya mbele yakawa yanatazama ndani kama macho ya mtu mwenye makengeza, nikapeleka alaimenti. Nikarekebisha tena urefu. Nikapeleka alaimenti tena. Mwenye mashine alikuwa anafungua lango akisikia tu mlio wa gari langu.

Urefu ulipokaa, zikabaki zile tik za ugumu, ishirini na nne kila gurudumu. Hizi hazipimwi kwa futi. Zinahitaji keki. Nilimwomba Maitu keki ya jaribio, hata iliyoungua. Alinitazama tu, akarudi kwenye oveni.

Kwa hivyo nilisonga ugali. Nilisonga ugali mgumu wa sufuria tatu, kubwa, ya kati na ndogo, nikazipanga ghorofa tatu juu ya ubao, nikapiga vijiti vinne katikati kama anavyofanya Maitu, nikapaka siagi nje ili nyufa zionekane. Mke wangu Tabby alisimama mlangoni mwa jikoni na kikapu cha sukuma mkononi.

"Unga wa watu unaenda matembezi," akasema.

"Unaenda Kiganjo na kurudi."

"Ungekuwa unanipeleka mimi Kiganjo mara nyingi hivyo, ningejua nimeolewa."

Nilikwenda Kiganjo mara kumi na moja. Nikiweka tik nne, gari lilikuwa laini kama godoro, lakini baada ya kila shimo liliendelea kupanda na kushuka, na mnara wa ugali ukainamia dirisha. Nikiweka kumi na nne haukuinama, bali ulipasuka chini. Nikaweka mbele kumi na nyuma sita. Ukapinda kwenye reli. Nikaweka mbele sita na nyuma kumi, sitaki kueleza. Polisi wa kizuizi cha barabarani walinisimamisha mara ya tano, mmoja akafungua buti, akaangalia ndani, akalifunga polepole.

"Mzee, hiyo ni nini?"

"Ni keki ya majaribio."

"Ya arusi ya nani?"

"Pisha, afande, inakauka."

Nasema haya sasa kwa utulivu, lakini wiki zile sikuwa na utulivu. Nilikuwa napiga usukani kwa ngumi. Nilimkaripia Tabby kwa kuuliza kama nitakula. Kila usiku ulipoisha siku za kufika Jumamosi ile zilipungua, na kila asubuhi Kinuthia alipita mbele ya nyumba yetu na mikate yake, akinipungia mkono kwa heshima, na heshima yake ilinikera kuliko matusi.

Safari ya kumi na moja, siku ya Alhamisi, niliweka mbele tisa na nyuma saba, nikahamisha ubao kutoka kwenye buti nikauweka sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, baada ya kukilaza kiti cha nyuma, maana katikati ya gari ndipo panaposogea kidogo kuliko mwisho wake. Nilikwenda, nikarudi. Nilifungua mlango. Ugali ulisimama wima, siagi haina ufa hata mmoja. Nilimpa ng'ombe, nikaoga, nikalala saa kumi na mbili jioni.

Keki ya Mukurweini ilikuwa na umbo la kiondo. Ghorofa mbili za chini zilikuwa nyeupe, na juu yake kiondo kimesukwa kwa nyuzi za sukari, rangi ya kahawia na nyekundu, na mishipi yake miwili imeinuka juu ikakutana hewani, myembamba kama penseli. Maitu alifanya kazi ile siku mbili. Aliibeba mwenyewe na msaidizi wake mpaka garini, akaketi mbele, akageuza shingo kuitazama nyuma na hakuirudisha.

Tuliondoka Nyeri saa mbili asubuhi. Kuna matuta kumi na saba kwenye njia ile na niliyajua yote. Niliyapita tairi moja moja, pembeni, kama mtu anayeshuka ngazi na mzigo kichwani. Kwenye kona gari lilikaa chini likageuka bila kuinama. Kwenye viraka vya lami lilimeza kila kitu mara moja, likatulia. Tulipopita tuta la kumi na mbili Maitu aligeuka akatazama mbele, kwa mara ya kwanza.

"Baba," akasema, "leo haliruki."

Kuna maneno ambayo mtu akiyajibu anayaharibu.

Kisha lami ikaisha.

Sina la kujitetea. Mimi nimezaliwa migongo miwili ya milima kutoka pale. Ningeweza kumchorea mtu yeyote jinsi maboma ya kwetu yalivyo: njia ya udongo inashuka kati ya kahawa na ndizi, na mlangoni kuna mtaro wa maji ya mvua, na juu ya mtaro kuna kidaraja cha simiti kilichovimba katikati kama mgongo wa kobe. Na ninajua ruracio hufanywa wapi. Mahari haipelekwi hotelini. Inapelekwa nyumbani kwa baba wa msichana. Haya yote niliyajua kabla sijajua kusoma, na wiki sita nilikuwa nimeyaweka mahali nisipoyafikia.

Tulishuka ile njia kwa mwendo wa kinyonga, keki haikutikisika. Tulifika langoni. Bampa likaingia kwenye simiti ya kidaraja na sauti ambayo niliisikia katika meno yangu.

Nikasimamisha gari. Nikashuka, nikatazama. Zilihitajika sentimita tatu.

"Inua," Maitu akasema kupitia dirishani. "Si ndiyo kazi yake? Inainuka."

"Kuinua lazima nipige jeki."

"Piga."

"Nikipiga jeki, gari litainama. Na keki iko ndani."

Hakukasirika, heri angekasirika. Alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akawaita wanawake waliokuwa wamepangana langoni na vitenge vyao vya sare. Hao ndio walinzi wa siku ile. Kwetu, wageni wa kijana wakija kuposa hawaingii tu. Wanawake wa upande wa msichana huwazuia langoni kwa nyimbo na maswali na mizaha, mpaka watoe kitu cha kuwaridhisha. Mkubwa wao alikuwa Ngendo, shangazi wa bibi arusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto.

Wanne wakaushika ubao. Wakaondoka nao polepole, juu ya kidaraja, chini ya matawi ya mparachichi, kuelekea hema, Maitu akitembea mbele yao kinyumenyume na mikono imenyooshwa. Mishipi ya kiondo haikugusa hata jani. Mimi nilibaki na gari.

Nilitaka kulirudisha nyuma niliweke kando. Nilipogeuka, njia ilikuwa imejaa. Magari manane ya wageni yalikuwa yamefika, moja nyuma ya jingine, kahawa huku na kahawa huku. Sikuwa na pa kwenda ila mbele. Nikavua koti, nikatoa jeki na spana, nikaanza upande wa kulia. Mizunguko kumi na mitano, milimita thelathini. Nilikuwa nimefika wa sita nilipoona viatu vilivyopigwa rangi vimesimama karibu na kichwa changu.

Vilikuwa vya Mutahi, msemaji wa wageni. Mrefu, kofia ya majani, fimbo.

"Mzee, hamjambo hapa," akasema kwa sauti ya mtu anayehutubia. "Tunaona mwaka huu mmetuzibia na gari. Sisi kwetu huziba na kamba."

"Hatujaziba," nikasema kutoka chini. "Gari limekwama."

Wageni wakacheka, wote.

"Limekwama vizuri," Mutahi akasema. "Na tukitaka likwamuke, tutoe nini?"

"Msitoe kitu. Mtoe subira tu."

Hapo wakapiga makofi. Ngendo, ambaye angeweza kunyoosha mambo kwa neno moja, akajishika kiuno.

"Mmemsikia mzee wetu? Anataka subira. Mmekuja na subira kiasi gani, watu wa Othaya?"

"Mama, nawaambia kweli," nikasema, nikitoa kichwa. "Ni bampa. Ni sentimita tatu."

"Sentimita tatu," Ngendo akawatangazia. "Msichana wetu mko mbali naye sentimita tatu, na bado hamtoshi."

Wanawake wakapokea kwa wimbo. Wageni wakajibu wimbo kwa wimbo. Nikarudi chini ya gari, nikazungusha, nikahesabu kwa sauti ili nisipotee, nao wakaanza kuhesabu pamoja nami. Nilipofika kumi na tano upande wa kulia walishangilia, wakaniwekea kreti ya soda karibu na mguu. Nikawaambia soda si yangu. Wakaongeza sukari, mifuko miwili. Nikahamia upande wa kushoto, nikawaambia waondoe vitu vyao, nataka nafasi ya jeki. Wakashauriana, mzee mmoja akaja na blanketi jipya, akanifunika mabegani nikiwa nimelala kifudifudi kwenye udongo. Kila neno la kweli nililosema waliliona ni ujanja, na kadiri nilivyokasirika ndivyo walivyonisifu.

Nilikuwa nimefika mzunguko wa kumi upande wa kushoto. Ngendo aliinama, na mara hii alisema polepole, kwa sikio langu tu.

"Baba Watiri, imetosha sasa. Nyanya yao amesimama juani na fimbo. Waachilie waingie."

Kana kwamba mimi ndiye niliyewashika. Nilitaka kumwambia bado mitano. Lakini nilimwona yule bibi kizee kati ya miguu ya watu, amevaa sweta zito, ameegemea boneti ya gari, na sikuweza kumpa mizunguko mitano ya jua. Nikakaza nati, nikashusha jeki, nikaingia garini na blanketi mabegani. Gari lilipita juu ya kidaraja, tairi ya kulia ikitangulia, bila kugusa. Vigelegele vikapigwa. Upande wa kushoto ulikuwa chini kwa sentimita moja kamili, na nilipoachia usukani niliusikia ukivuta.

Niliegesha nyuma ya nyumba, nikanawa mikono kwa mtungi, nikakaa garini. Sikwenda hemani. Baada ya saa nzima Maitu alikuja na sahani ya mukimo na nyama, akaingia upande wake, akafunga mlango.

"Imefika wima?" nikamuuliza.

"Wima kabisa. Hata uzi mmoja haukukatika."

"Basi."

"Baba, imefika kwa mikono ya wanawake."

"Kutoka Nyeri mpaka lango la watu, Maitu. Matuta kumi na saba."

"Mteja hali keki langoni." Akachukua kipande cha nyama kwenye sahani yangu. "Nilikuwa nimeamua. Nilikuwa natembea na ile keki na nimeamua, nampigia Kinuthia jioni. Sasa kuna mama hapo ndani, ametoka Mwea. Binti yake anafanyiwa ruracio mwezi ujao. Ameagiza keki kama hii."

"Vizuri."

"Na amesema lazima nije na yule mzee wa langoni."

Niliweka sahani kwenye dashibodi.

"Mwambie yule mzee ni dereva."

"Nimemwambia. Alicheka mpaka akashika meza."

"Mpelekee Kinuthia."

"Kinuthia ataziba lango na nini? Na van inayopita?" Alisema hivyo bila kucheka, lakini alikuwa ameuma mdomo. "Baba, utaenda ama hutaenda?"

Niliwaza. Wiki sita za kusoma, safari kumi na moja, tisa mbele na saba nyuma, na hakuna mtu hata mmoja pale ndani aliyejua kwamba keki ile ilikuja bila kutikisika. Walichokijua ni mzee aliyelala chini ya gari akitaka subira. Ningekataa, na ningekuwa na haki. Halafu Jumamosi ya kwanza ningekaa kibarazani nikimwangalia Kinuthia akipakia.

"Nitaenda," nikasema. "Lakini keki ya Mwea nitaifikisha mezani kwa gari. Hao wengine wacheke wakitaka."

"Sawa. Basi gari libaki juu hivi lilivyo. Usilishushe, usiliinue. Usiguse hata nati moja mpaka nikuambie. Nimechoka na hiyo kitu, Baba. Mama naye amechoka."

"Maitu, upande wa kushoto..."

"Hata nati moja."

Nilimtazama. Ana paji la uso la mama yangu, na alipokuwa amekunja ndita vile sikuona binti. Nikasema sawa.

Tuliondoka saa tisa. Alilala kabla hatujafika kwenye lami, kichwa kwenye kioo. Gari lilikuwa linavuta kushoto, si sana, kiasi ambacho mtu mwingine asingejua mwaka mzima. Mimi nilijua kila mita. Niliushika usukani umepinda kidogo kulia, nikauweka hapo, na nikaenda hivyo mpaka Nyeri.